Dar es Salaam na Dodoma: Umbali na Muda wa Safari

Mwanafunzi akiulizwa Dodoma iko umbali gani kutoka Dar es Salaam, aghalabu hujibu kwa saa: saa moja kwa ndege, saa saba au nane kwa basi. Hatuwezi kumlaumu. Kwa barabara ipitayo Morogoro ni kilomita 450 hivi, na kwa ndege karibu 400. Tofauti ya kilomita ni ndogo, lakini ya saa ni kubwa. Wazee wetu nao walihesabu safari kwa siku na kwa vituo vya maji.

Katika karne ya 19 misafara ya bara iliondokea Bagamoyo. Kirangozi alitangulia na bendera, na nyuma yake wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walichukua nguo, shanga na nyaya, kisha wakarudi pwani na pembe za ndovu. Mzigo wa mtu mmoja uliweza kufikia kilo 30 au kupita. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa siku, kilomita 450 ni siku 30 za kutembea, bila kuhesabu siku za mapumziko, za maradhi na za mito iliyofurika.

Baada ya Mpwapwa ilikuwapo nyika kavu ya Marenga Mkali, na ng'ambo yake Ugogo. Huko watemi walidai hongo kabla ya msafara kupita. Wasafiri wengi walinung'unika katika maandishi yao, wakaiita unyang'anyi. Lakini tukumbuke kwamba katika nchi ile maji na chakula vilikuwa haba, na msafara wa mamia ya watu ulivinywa na kuvila vya wenyeji. Hongo ilikuwa ushuru wa njia. Leo neno hilo limebaki na maana ya rushwa tu, na hoja ya Wagogo imesahauliwa.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Mwendo wa mwezi mzima ukawa wa siku moja au mbili, na kazi ya upagazi katika njia hiyo ikafifia.

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, kwa kuwa ipo katikati ya nchi. Uamuzi huo ulikuwa, kwa hakika, hoja ya umbali: serikali iwe karibu na wengi. Mkazi wa Kigoma au Mwanza alisogezewa serikali. Mkazi wa Mtwara aliongezewa safari. Hapana mahali palipo karibu na wote sawasawa.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme huenda Dodoma kwa muda wa saa nne hivi. Tukiketi dirishani tukaiona nyika ikipita, yatupasa tukumbuke kwamba waliotangulia kuifungua njia hii waliipima kwa nyayo zao, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.