Posho, Saa na Ujira: Mlo wa Mchana wa Kikuubo

Tuanze na neno posho. Katika Kiswahili cha pwani, posho ni chakula cha kila siku alichogawiwa mpagazi, askari au mtumishi, na baadaye fedha zilizotolewa badala ya chakula hicho. Neno lilipofika Uganda likapata maana nyingine: huko posho ni ugali wenyewe. Mganda akiagiza posho na maharage, pengine hakumbuki kwamba anataja sehemu ya ujira.

Sasa twende Kikuubo, katikati ya Kampala. Jina hilo ni la Kiganda na maana yake ni kichochoro. Hapa ndipo bidhaa za jumla huuzwa: sukari, sabuni, biskuti, mafuta ya kupikia. Wateja hutoka pande zote za Uganda, na wengine Sudan Kusini na Kongo ya mashariki. Ukitaka kufanya mazoezi ya Kiswahili chako, hutakosa wa kuzungumza naye. Mchana chakula huletwa madukani kwa sahani. Muuzaji huiweka sahani yake nyuma ya kaunta, akamega tonge mbili, mteja akaita, akainuka. Akirudi, chakula kimepoa. Je, nusu saa ile ilikuwa mapumziko au kazi?

Swali hili lilipata jibu mwaka 1930, pale Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha Mkataba Na. 30 kuhusu saa za kazi katika biashara na ofisi. Mkataba huo unahesabu kuwa saa za kazi muda wote ambao mwajiriwa yuko chini ya amri ya mwajiri. Mapumziko ni ule muda tu ambao mwajiriwa hayuko chini ya amri hiyo. Kwa kipimo hicho, mlo unaoliwa kwa jicho moja mlangoni ni kazi.

Nchini Uganda njia ilikuwa ndefu zaidi. Mnamo Januari 1945 wafanyakazi wa Kampala, Entebbe na miji mingine waligoma, kwa kuwa vita vilikuwa vimepandisha bei za vitu huku mishahara ikibaki nyuma. Mgomo huo ulitikisa hata serikali ya Buganda: Serwano Kulubya, aliyekuwa Omuwanika, yaani mweka hazina, alijiuzulu. Kilio chao kikubwa kilikuwa ujira, si saa. Haki ya kupumzika iliandikwa waziwazi katika Katiba ya 1995, ibara ya 40, na Sheria ya Ajira ya 2006 ikaitilia vipimo: saa 48 kwa wiki, zisizoweza kuongezwa kupita saa 10 kwa siku au 56 kwa wiki, nusu saa ya mapumziko kwa anayefanya kazi saa nane, na malipo ya saa za ziada kwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, au mara mbili katika sikukuu za taifa.

Chukua kalamu tuhesabu. Mwajiriwa aliyekwisha kutimiza saa zake 48, na ambaye nusu saa ya mlo humezwa na wateja siku sita za wiki, amefanya kazi saa tatu zaidi. Kwa mara moja na nusu, anastahili ujira wa saa nne na nusu. Mimi naona hesabu hii ni ya kufundishwa mapema, kwa maana nusu saa moja huonekana ndogo mno kudaiwa, na aliyeona hivyo leo ataona hivyo kesho pia. Anayetaka kudai huanzia kwa afisa kazi.

Hesabu hiyo, hata hivyo, haimfikii kila mtu kichochoroni. Lipo neno jingine la pwani, kibarua, yaani barua ndogo: cheti alichopewa mtu aliyeajiriwa kwa siku. Kanuni za Ajira za 2011 zinasema kibarua asiajiriwe hivyo kupita miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Lakini mchukuzi wa Kikuubo anayelipwa kwa kila mzigo, leo na tajiri huyu, kesho na yule, hana hata cheti. Hakuna anayehesabu saa zake, na akiketi kula, mzigo unabebwa na mwingine.