Uchaguzi wa kemshafti

Uchaguzi wa kemshafti ni kazi ya kuamua kemshafti ipi ifungwe katika injini ili vali zake zifunguke na kufungwa kwa wakati unaofaa matumizi ya gari. Makala hii inahusu injini za V8 za magari ya misuli ya Marekani ya miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, hasa V8 ndogo ya Chevrolet iliyoanza kuuzwa katika magari ya mwaka 1955.

Gari la misuli ni gari la kawaida, mara nyingi la ukubwa wa kati, lililofungwa injini kubwa ya V8. Pontiac GTO ya mwaka 1964, yenye injini ya inchi za ujazo 389 (lita 6.4), huhesabiwa na wengi kuwa ndiyo iliyoanzisha aina hiyo. Wamiliki wa magari hayo hubadilisha kemshafti ili kupata nguvu zaidi. Hata hivyo kemshafti haiongezi nguvu kila mahali: hupandisha nguvu katika mizunguko fulani ya injini na kuishusha katika mingine. Kwa sababu hiyo kemshafti kubwa kuliko zote si lazima iwe bora.

## Kazi ya kemshafti

Kemshafti ni chuma kirefu kinachozunguka, chenye nundu za umbo la yai. Katika V8 ndogo ya Chevrolet ipo katikati ya bloku, juu ya krenkishafti, na huzungushwa kwa cheni. Ina nundu 16, mbili kwa kila silinda: moja ya vali ya kuingiza hewa na petroli, nyingine ya vali ya kutoa moshi. Nundu huinua tapeti, tapeti husukuma fimbo nyembamba, fimbo huinua upande mmoja wa roka, na upande wa pili wa roka hubonyeza vali ifunguke. Springi huirudisha vali mahali pake.

Injini ya mapigo manne hufyonza, hugandamiza, huwaka na kutoa moshi katika mizunguko miwili ya krenkishafti. Kila vali hufunguka mara moja tu katika kipindi hicho, hivyo kemshafti huzunguka kwa nusu ya mwendo wa krenkishafti.

Hewa ina uzito, nayo huchelewa kuanza kwenda na huchelewa kusimama. Injini inapozunguka haraka, vali ya kuingiza hufaidika ikiachwa wazi hata baada ya pistoni kuanza kupanda, kwa kuwa hewa iliyo mbioni huendelea kuingia. Injini inapozunguka polepole, kuchelewa huko huifanya pistoni irudishe sehemu ya hewa ilikotoka. Uchaguzi wote wa kemshafti umejengwa juu ya hitilafu hii.

## Vipimo

* Muda wa ufunguzi ni nyuzi za mzunguko wa krenkishafti ambazo vali inakuwa wazi. Hupimwa kwa njia mbili. Namba ya tangazo huanza kuhesabiwa tapeti inapoanza tu kuinuka, na kila mtengenezaji ana mahali pake pa kuanzia. Njia ya pili huanza tapeti ikiwa imeinuka inchi 0.050 (mm 1.27). Ndiyo inayofaa kulinganishia kemshafti za watengenezaji tofauti.
* Mwinuko ni umbali ambao vali inafunguka. Hupatikana kwa kuzidisha kimo cha nundu kwa uwiano wa roka. Roka za kawaida za V8 ndogo ya Chevrolet zina uwiano wa 1.5. Nundu ya inchi 0.300 huinua vali inchi 0.450 (mm 11.4). Roka za 1.6 huinua vali hiyohiyo inchi 0.480 (mm 12.2) bila kubadilisha kemshafti.
* Pembe baina ya nundu ni nyuzi za kemshafti kati ya kilele cha nundu ya kuingiza na kilele cha nundu ya kutoa moshi ya silinda moja. Kwa kawaida huwa kati ya 106 na 114.
* Mwingiliano ni kipindi ambacho vali zote mbili ziko wazi pamoja. Hupatikana kwa kuchukua wastani wa muda wa vali hizo mbili na kutoa pembe baina ya nundu mara mbili.

Kwa mfano, kemshafti yenye muda wa nyuzi 270 kwa vali zote na pembe ya 110 ina mwingiliano wa 270 − 220, yaani nyuzi 50. Pembe ikiwa 114, mwingiliano unashuka hadi 42. Muda ukipanda hadi 290 na pembe ikibaki 110, mwingiliano ni 70.

Mwingiliano mkubwa husaidia katika mwendo mkali, kwa kuwa moshi unaotoka kwa kasi huvuta hewa mpya nyuma yake. Gari likiwa limesimama na injini inawaka, moshi huvuja na kuingia upande wa hewa safi. Injini hutetemeka na kuunguruma kwa kukatakata. Mlio huo hupendwa na wengi, lakini ni dalili kwamba silinda hazijazwi vizuri katika mizunguko ya chini.

## Kwa nini nguvu huhama

Nguvu ya injini ni zao la nguvu ya kuzungusha na mwendo wa mzunguko. Kwa vipimo vya kisasa, kilowati ni nyutoni-mita mara mizunguko kwa dakika, kugawanya kwa 9549. Injini inayotoa nyutoni-mita 400 kwenye mizunguko 3,000 ina kilowati 126 hivi. Ikiweza kutoa 400 zilezile kwenye mizunguko 6,000, ina kilowati 251. Kemshafti yenye muda mrefu huipeleka nguvu ya kuzungusha juu, na ndiyo maana namba ya nguvu farasi huongezeka. Gharama yake ni udhaifu katika mizunguko ya chini, ambako gari la barabarani hutumia sehemu kubwa ya maisha yake.

## Historia

Mhandisi Zora Arkus-Duntov wa General Motors alibuni kemshafti ya mbio kwa V8 ya Chevrolet, na mwaka 1956 aliendesha Corvette yenye kemshafti hiyo kwa zaidi ya maili 150 kwa saa (km 240) katika ufuko wa Daytona, Florida. Kemshafti nyingine ya Chevrolet iliyobeba jina lake ilitolewa mwaka 1964. Iliitwa 30-30 kwa sababu nafasi iliyoachwa kati ya roka na vali ilikuwa inchi 0.030 kwa vali zote mbili.

Kemshafti ya 30-30 ilitumika pia katika Camaro Z/28 ya mwaka 1967 hadi 1969. Injini yake ilikuwa ya inchi za ujazo 302 (lita 4.9), kwa kuwa mashindano ya Trans-Am yaliweka kikomo cha inchi 305. Injini hiyo ilizunguka kwa kasi sana na kushinda mbio, lakini ilikuwa legevu katika mwendo wa polepole wa mjini. Kemshafti ileile ilikuwa nzuri au mbaya kutegemea mahali gari lilipoendeshwa.

## Mambo ya kulinganisha

Ukubwa wa injini. Kadiri silinda zinavyokuwa kubwa, ndivyo zinavyovumilia muda mrefu zaidi. Kemshafti ya nyuzi 224 (kwenye inchi 0.050) huonekana kali katika injini ya inchi 302, lakini ni ya wastani katika injini ya inchi 400. Kwa injini ya inchi 350 ya barabarani, nyuzi 210 hadi 225 hutosha watumiaji wengi. Kuanzia nyuzi 240 huwa ni kemshafti ya mbio.

Mgandamizo. Vali ya kuingiza ikichelewa kufungwa, mgandamizo halisi hupungua, hivyo kemshafti kubwa huhitaji uwiano mkubwa wa mgandamizo. Injini ya LT-1 ya Corvette ya mwaka 1970 ilikuwa na uwiano wa 11 kwa 1 na nguvu farasi 370. Mwaka 1971 General Motors ilishusha mgandamizo wa injini zake ili zitumie petroli yenye risasi kidogo au isiyo na risasi. LT-1 ikawa na uwiano wa 9 kwa 1 na nguvu farasi 330. Kufunga kemshafti kubwa katika injini yenye mgandamizo mdogo huifanya ipoteze nguvu ya chini bila kupata ya juu. Kinyume chake, kemshafti ndogo katika injini yenye mgandamizo mkubwa huweza kuifanya igonge kwa petroli ya kawaida.

Difu na giaboksi. Gari lenye matairi ya kipenyo cha sm 66, likienda km 100 kwa saa katika gia ya moja kwa moja, huzungusha injini mara 2,480 hivi kwa dakika kama difu ni ya 3.08. Kwa difu ya 4.10 ni mara 3,300. Kemshafti inayoanza kuvuta kwenye mizunguko 3,000 haifai gari la kwanza. Giaboksi ya otomatiki nayo huhitaji kiunganishi cha oili kinachoiacha injini ipande mizunguko kabla ya kuvuta gari.

Breki. Breki zenye msaada wa ombwe hutegemea ombwe la injini. Mwingiliano mkubwa hupunguza ombwe hilo, na kanyagio la breki huwa gumu. Hili ni suala la usalama na lazima lipimwe kabla gari halijaingia barabarani.

Njia za hewa. Kabureta, silinda hedi na mabomba ya moshi yaliyo finyu huzuia faida yote ya kemshafti kubwa.

## Aina za tapeti

Magari ya misuli ya asili yalitumia tapeti bapa, ambazo husuguana moja kwa moja na nundu. Tapeti za oili hujirekebisha zenyewe. Tapeti ngumu huvumilia mizunguko mingi, lakini fundi hulazimika kuziseti kwa fila geji kila baada ya muda. Tapeti zenye gurudumu hupunguza msuguano na huwezesha vali kufunguka haraka zaidi. Chevrolet ilianza kuziweka katika V8 zake ndogo mwaka 1987. Katika bloku za zamani gharama yake ni kubwa zaidi.

## Ufungaji na dakika za kwanza

Kabla ya kufunga, fundi hupima mambo matatu. Springi zisibanane kabisa vali inapofunguka hadi mwisho. Vali zisigonge pistoni: kwa kawaida huachwa angalau inchi 0.080 (mm 2) upande wa kuingiza na 0.100 (mm 2.5) upande wa moshi. Tatu, nyuzi za kemshafti hukaguliwa kwa gurudumu la vipimo, kwa kuwa alama za cheni zinaweza kuwa na tofauti. Kuitanguliza kemshafti nyuzi 4 huongeza nguvu ya mizunguko ya chini kidogo.

Kemshafti ya tapeti bapa huweza kuharibika mara tu injini inapowashwa. Kila tapeti inapaswa kuzunguka juu ya nundu yake. Isipozunguka, nundu hulika, na unga wa chuma huchukuliwa na oili hadi kwenye beringi. Injini nzima huweza kufa kwa ajili ya nundu moja. Kwa hiyo kemshafti mpya hufungwa na tapeti mpya daima, nundu hupakwa grisi maalumu, na injini huendeshwa kwa dakika 20 hivi kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 bila kuachwa ishuke, kwa sababu katika mizunguko ya chini oili inayorushwa juu ya nundu ni kidogo. Springi za ndani za springi pacha huondolewa kwanza ili kupunguza mzigo, kisha hurudishwa.

Oili nyingi za sasa za magari ya petroli zina zinki na fosforasi kidogo kuliko zile za zamani, kwa kuwa fosforasi hudhuru kifaa cha kusafisha moshi. Madini hayo ndiyo yanayokinga nundu na tapeti bapa. Mwenye injini ya aina hii hutafuta oili iliyotengenezwa kwa ajili ya injini za zamani, si kwa dakika 20 za kwanza tu bali kwa maisha yote ya kemshafti.