Chanjo ya malaria

Chanjo ya malaria humkinga mtoto dhidi ya Plasmodium falciparum, kimelea kinachosababisha vifo vingi zaidi vya malaria barani Afrika. Shirika la Afya Duniani limependekeza chanjo mbili: RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023. Hakuna hata moja kati ya hizo inayozuia malaria kabisa. Nguvu yake huonekana zikitumika pamoja na vyandarua na dawa, na mtoto akimaliza dozi zote nne.

Mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, karibu wote Afrika. Takribani robo tatu ya waliokufa barani humo walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Inavyofanya kazi

Mbu jike wa Anofelesi mwenye vimelea anapouma huviingiza mwilini vichache katika umbo liitwalo sporozoiti. Ndani ya nusu saa hivi huweza kufika kwenye ini na kujificha katika seli zake. Seli moja iliyoingiliwa huzalisha maelfu ya vimelea vipya, ambavyo baada ya wiki moja hivi hutoka na kushambulia chembe nyekundu za damu. Hapo ndipo homa huanza, na kwa mtoto mdogo huweza kufuatwa na upungufu mkubwa wa damu au degedege.

Chanjo zote mbili zinalenga ile nusu saa ya mwanzo. Zimebeba kipande cha protini inayoifunika sporozoiti, kilichounganishwa na protini ya kirusi cha homa ya ini B. Huongezewa kichocheo cha kinga chenye saponini ya gome la mti wa Quillaja wa Chile. Kwa kuwa sporozoiti moja tu ikiponyoka inaweza kuanzisha ugonjwa, mtoto huhitaji kingamwili nyingi, na kadiri zinavyopungua ndivyo kinga inavyolegea.

Historia na majaribio

Mwaka 1967 Ruth Nussenzweig na wenzake, jijini New York, walionyesha kuwa sporozoiti zilizodhoofishwa kwa mionzi ziliwakinga panya. Kazi ya kutengeneza RTS,S ilianza mwaka 1987 katika kampuni iliyokuja kuwa GSK, kwa ushirikiano na taasisi ya jeshi la Marekani ya Walter Reed.

Jaribio kubwa lilifanyika kati ya 2009 na 2014, likihusisha watoto wapatao 15,500 katika vituo 11 vya nchi saba. Vituo vitano vilikuwa Afrika Mashariki: Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania; Kilifi, Siaya na Kombewa nchini Kenya. Sehemu ya ushahidi ambao dunia inautegemea leo ilitoka kwa watoto wa huko na wazazi waliokubali kuwapeleka kliniki mara kwa mara kwa miaka kadhaa.

Kwa waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17, dozi tatu zilipunguza malaria kwa asilimia 28 katika muda wa miaka minne hivi. Dozi ya nne ilifikisha kiwango hicho asilimia 36. Utafiti mwingine uliofuatilia watoto 447 wa Kilifi kwa miaka saba ulionyesha kuwa kinga ya dozi tatu pekee ilikuwa karibu kwisha kufikia mwaka wa nne.

Jaribio hilo kubwa lilizua pia maswali ya usalama, yakiwemo ya homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo mwaka 2019 chanjo ilianza kutolewa kwa majaribio Malawi, Ghana na Kenya; nchini Kenya uzinduzi ulifanyika Homa Bay. Hofu hizo hazikuthibitika. Zaidi ya hapo, katika maeneo yaliyofikiwa, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13, ukiondoa vya ajali.

R21 iliundwa Chuo Kikuu cha Oxford na hutengenezwa na Serum Institute ya India. Ilijaribiwa kwa watoto 4,800 nchini Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania. Katika mwaka wa kwanza ilipunguza malaria kwa asilimia 75 penye malaria ya msimu, na 68 penye malaria ya mwaka mzima. Bei yake ni chini ya dola 4 kwa dozi.

Utafiti unaoendelea

Nchini Mali na Burkina Faso, watoto waliopewa RTS,S pamoja na dawa za kinga za msimu walipata malaria kali kwa takribani asilimia 70 pungufu kuliko waliopewa dawa pekee. Chanjo inayolenga protini ya RH5, ili kukizuia kimelea kisiingie kwenye chembe nyekundu, imejaribiwa Bagamoyo. Nchini Mali zimejaribiwa sindano za kingamwili zilizotengenezwa maabara, ambazo dozi moja hukinga kwa miezi kadhaa.

Matumizi

Cameroon ilianza kuitoa RTS,S katika chanjo za kawaida Januari 2024, na nchi nyingine nyingi za Afrika zikafuata. Dozi tatu za kwanza hutolewa kuanzia umri wa miezi mitano hivi, wakati mama bado anahudhuria kliniki kwa ajili ya chanjo nyingine. Dozi ya nne kwa kawaida huja mwaka mmoja hivi au zaidi baadaye. Wakati huo mtoto anatembea, mama amerudi shambani au sokoni, na mahudhurio ya kliniki yamepungua. Mhudumu wa afya wa kijiji anayepita mlangoni kumkumbusha mama tarehe hiyo ni sehemu ya chanjo, kama ilivyo dawa iliyomo kwenye kichupa.