Gharama fiche ya karakana za mawinguni kwa waundaji wa programu

MALILI, kwenye mpaka wa kaunti za Machakos, Makueni na Kajiado, takriban kilomita 60 kusini mashariki mwa Nairobi, ndipo Serikali ilipoamua kujenga jiji la teknolojia la Konza. Ardhi ya ekari 5,000 ilinunuliwa mwaka 2009, naye Rais Mwai Kibaki akazindua ujenzi Januari 2013.

Miongoni mwa taasisi zilizo huko ni Kituo cha Kitaifa cha Data na Chuo Kikuu Huria cha Kenya. Chuo hicho kilizinduliwa Agosti 2023 na hufundisha kupitia intaneti masomo kama vile sayansi ya data na usalama wa mitandao.

Mafunzo ya aina hiyo yanazua swali zito. Je, mwanafunzi asiye na tarakilishi yenye nguvu ataundia wapi programu zake?

Jibu ambalo limeenea ulimwenguni ni karakana ya mawinguni. Mwanafunzi hufungua kivinjari katika kipakatalishi hafifu, lakini kazi yenyewe hufanyika ndani ya seva iliyo mbali. Seva hiyo humtengea sehemu ya prosesa, kumbukumbu na hifadhi, pamoja na zana zote za kazi.

Manufaa yake ni bayana. Kipakatalishi kikiibwa au kikiharibika, kazi haipotei. Hata hivyo, mzigo aliotuliwa mwanafunzi haujatoweka, bali umehamishiwa kwa mwenye seva, na mwisho wa mwezi lazima mtu aulipie.

Bei ya saa moja

Kampuni ya GitHub ilipofungua huduma yake ya Codespaces kwa watu binafsi mwaka 2022, kila mtumiaji alipewa takriban saa 60 za bure kwa mwezi katika mashine ndogo yenye viini viwili vya prosesa. Baada ya hapo, bei ilikuwa dola 0.18 kwa saa.

Mtu anayefanya kazi saa nane kwa siku, siku 22 kwa mwezi, hutumia saa 176. Kwa bei hiyo, na bila kuhesabu saa za bure, atadaiwa dola 31.68. Dola ikibadilishwa kwa Sh129, kiwango ambacho shilingi imekikaribia tangu nusu ya pili ya mwaka 2024, deni hilo ni takriban Sh4,090.

Januari 2024, dola ilipopita Sh160, kazi iyo hiyo ingegharimu zaidi ya Sh5,000. Hivyo basi, anayelipwa kwa shilingi na kudaiwa kwa dola hubeba pia hatari ya kubadilika kwa thamani ya sarafu.

Hatari kubwa zaidi ni kusahau kuzima. Mashine hiyo ikiachwa ikiwaka usiku na mchana kwa siku 30, saa hufika 720 na deni dola 129.60, yaani zaidi ya Sh16,700. Ndiyo sababu huduma nyingi huizima mashine yenyewe isipoguswa kwa muda. Codespaces husubiri dakika 30 isipoelekezwa vingine. Hata ikizimwa, hifadhi huendelea kulipiwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Mahali fedha zinapokwenda

Kwa mwenye seva, prosesa si tatizo kuu. Muundaji wa programu huandika kwa muda mrefu akitumia nguvu kidogo, kisha huhitaji nguvu nyingi ghafla anapoijaribu programu yake. Kwa kuwa watumiaji hawafanyi hivyo kwa wakati mmoja, wengi wanaweza kugawana prosesa moja.

Kumbukumbu haigawanyiki kwa urahisi huo. Programu ikishaifungua, huishikilia hata mwenyewe akienda kunywa chai. Seva yenye kumbukumbu ya gigabaiti 128, ikimpa kila mwanafunzi gigabaiti nne na kujibakishia nane, hutosha watu 30 tu kwa wakati mmoja.

Umeme nao haukosi. Seva inayotumia wati 400 bila kuzimwa humaliza yuniti 288 kwa mwezi. Ikiwa kila yuniti ya seva huandamana na nusu yuniti ya kupoza hewa na mahitaji mengine, jumla ni 432. Tukichukulia bei ya Sh25 kwa yuniti, gharama ni Sh10,800, au Sh360 kwa kila mmoja wa wanafunzi hao 30.

Kiasi hicho huonekana kidogo mno kando ya Sh4,090. Lakini hakijajumuisha ununuzi wa seva, jenereta, mshahara wa fundi na ulinzi dhidi ya wahalifu. Isitoshe, wanafunzi wakiwa watano badala ya 30, umeme pekee hupanda hadi Sh2,160 kwa kila mmoja. Seva yako ni rahisi ikijaa na ghali ikikaa tupu. Ya kukodi, kando na hifadhi, hulipiwa inapowaka tu.

Huduma ya bure nayo huvutia wadanganyifu. Mwaka 2021, kampuni ya Docker iliondoa huduma ya bure ya kuunda programu kiotomatiki baada ya wachimbaji wa sarafu za kidijitali kuigeuza shamba lao.

Karibu au mbali?

Umbali pia una bei. Mwanga husafiri ndani ya nyaya za faiba kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000, ishara haiwezi kwenda na kurudi chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na mwandishi huuhisi uzito huo katika kila herufi.

Mei 2024, hitilafu katika nyaya za EASSy na SEACOM chini ya bahari ilizorotesha intaneti Afrika Mashariki. Aliyetegemea seva za ng'ambo alitatizika. Lakini Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima, na siku hiyo seva ya karibu isiyokuwa na jenereta haikumfaa mtu.

Mradi wa kituo cha data na jiji la kisasa la Konza, uliokabidhiwa kampuni ya Huawei kwa mkataba wa Aprili 2019, ulikadiriwa kugharimu Sh17.5 bilioni, fedha za mkopo kutoka China. Deni hilo hulipwa, seva zikijaa au zikikaa tupu.

Kwa sababu hiyo, taasisi inayotaka kuwapa wanafunzi wake karakana ya mawinguni haina budi kuhesabu mambo matatu kabla ya kutia sahihi: ni watu wangapi watakaoitumia kwa wakati mmoja, nani atakayezima mashine zisizotumika, na deni litalipwa kwa sarafu gani.