Mtaa Mkuu wa Williamsburg na Nusu Yake Iliyosahauliwa

Asubuhi, jua likiwa bado changa, sauti ya kwanza mtaani ni kwato za farasi. Gari la kukokotwa linapita polepole, mwendeshaji wake akiwa na kofia ya pembe tatu. Katika karakana ya mhunzi nyundo inalia juu ya fuawe, na moshi wa makaa unatambaa hadi barazani kwa jirani. Hakuna lori wala nguzo ya umeme. Hapa ni Duke of Gloucester Street, mtaa mkuu wa mji wa Williamsburg, jimbo la Virginia nchini Marekani, ambako mgeni hupokewa na watu wanaovaa, kufanya kazi na kuzungumza kama wakazi wa karne ya 18.

Mtaa huu una upana wa futi 99, yaani mita 30 hivi, na urefu unaokaribia maili moja. Magharibi unaanzia kwenye Chuo cha William & Mary, kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1693. Mashariki unakomea mbele ya Capitol, jengo la bunge la koloni. Jengo la serikali la Jamestown lilipoungua mwaka 1698, makao makuu ya Virginia yalihamishiwa hapa mwaka uliofuata, na Gavana Francis Nicholson akaupanga mji mpya: elimu upande huu, sheria upande ule, na kanisa la Bruton kati yake. Mtaa ulipewa jina la Duke of Gloucester, mtoto wa kiume wa Anne, mama ambaye baadaye alikuja kuwa malkia wa Uingereza. Mtoto huyo alifariki mwaka 1700 akiwa na umri wa miaka 11.

Kwa miongo minane siasa za koloni kubwa zilipita juu ya vumbi la mtaa huu. Mwaka 1774 Gavana Dunmore alipolivunja bunge, wabunge walitembea hatua chache tu hadi Raleigh Tavern na kuendelea na kikao chao humo. Aprili 1775 askari wa gavana huyohuyo walichukua baruti usiku kutoka ghala la silaha lililo kando ya mtaa, na mji mzima ukaamka kwa hasira. Mwaka 1780, vita vya uhuru vikiendelea, Thomas Jefferson akiwa gavana, makao makuu yalihamia Richmond. Williamsburg ikabaki mji wa chuo na hospitali ya wagonjwa wa akili.

Umaskini ukautunza mji. Pasipo fedha za kujenga mapya, nyumba nyingi za kale ziliachwa zilivyo. Hata hivyo, kufikia miaka ya 1920 zilikuwa zimebanwa na vituo vya petroli, maduka na nyaya za umeme. Ndipo mchungaji wa kanisa la Bruton, W.A.R. Goodwin, alipomshawishi tajiri John D. Rockefeller Jr. agharamie kuurudisha mji katika sura yake ya kale. Kuanzia mwishoni mwa 1926 Goodwin alinunua nyumba moja baada ya nyingine bila kumtaja mwenye fedha, na katika barua zao za siri Rockefeller aliitwa “Baba yake David”. Wananchi walielezwa ukweli katika mkutano wa hadhara wa Juni 1928.

Wasanifu na wachimbaji waliifanya kazi yao kwa subira. Ramani ya mwaka 1782, iliyochorwa na Mfaransa, iliwaonyesha kila nyumba ilipokuwa. Bamba la shaba lililogunduliwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford, lilikuwa na picha za Capitol, chuo na Ikulu ya Gavana. Ikulu hiyo iliteketea mwaka 1781 ikiwa hospitali ya majeruhi wa vita, na wachimbaji walikuta katika bustani yake makaburi 156. Majengo 88 ya asili yakakarabatiwa, mamia yakajengwa upya juu ya misingi yake, na mamia ya nyumba za miaka ya baadaye yakabomolewa. Oktoba 1934 Rais Franklin D. Roosevelt alikuja kuufungua mtaa.

Wazo la kijiji cha namna hii halikuanzia Marekani. Artur Hazelius alifungua Skansen mjini Stockholm mwaka 1891, akakusanya humo nyumba za wakulima wa Sweden na watu wa kuonyesha maisha yao. Williamsburg haikukusanya nyumba kutoka mbali. Iliufufua mji palepale ulipozaliwa.

Hazina kubwa ya mtaa huu ni mafundi wake. Hawaigizi kazi, wanaifanya. Mwanagenzi hukaa miaka kadhaa chini ya fundi mkuu kabla ya kuhesabiwa fundi. Seremala wa mapipa hupinda mbao kwa moto bila kutumia msumari. Katika matbaa, herufi za risasi hupangwa moja moja kwa mkono, kama zilivyopangwa gazeti la Virginia Gazette lilipoanza kutoka mwaka 1736. Mafundi wa matofali huwaalika watoto wavue viatu na kukanyaga udongo, kisha matofali hukaushwa na kuchomwa siku kadhaa mfululizo. Chokaa ya kuyaunganisha hutoka kwenye makombe ya chaza yaliyochomwa. Mwashi wa Lamu au Pemba, aliyezoea chokaa ya matumbawe, angeielewa kazi hiyo bila kuhitaji mkalimani.

Lakini mtaa huu uliokarabatiwa kwa uangalifu mkubwa uliishi miaka mingi na uongo mmoja. Wakati wa mapinduzi, mji ulikuwa na watu wapatao 2,000, na zaidi ya nusu yao walikuwa Weusi, wengi wao watumwa. Ndio waliopika, waliochota maji, waliofua chuma na kulea watoto. Katika miongo ya mwanzo mgeni aliweza kuwaona Weusi wachache jikoni au juu ya gari la farasi, lakini hakusimuliwa habari zao. Ukarabati wenyewe uliwahamisha wakazi Weusi wa karne ya 20 kutoka eneo la kati la mji.

Mabadiliko yalianza mwaka 1979, kikundi kidogo cha waigizaji Weusi, akiwemo Rex Ellis, kilipoanza kuzungumza mtaani kwa sauti ya watumwa wenyewe. Tarehe 10 Oktoba 1994 Christy Coleman aliongoza maonyesho ya mnada wa watumwa. NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, kilipinga, kikihofia uchungu ule ungegeuzwa burudani. Hofu hiyo ilikuwa ya haki. Hata hivyo maonyesho yalifanyika mbele ya umati mkubwa, mwanamke mjamzito akaonyeshwa akiuzwa na kutenganishwa na mumewe, na baadhi ya watazamaji walilia. Mtaa ulikuwa umesema kweli kwa sauti.

Ukweli mwingine ulikuwa chini ya lami. Katika King's Arms Tavern, kwenye mtaa mkuu, alitumikishwa kijana aitwaye Gowan Pamphlet. Huyu alikuja kuwa mhubiri wa Kibatisti akiwa bado mtumwa, na aliliongoza kanisa la watu Weusi ambalo linahesabu umri wake tangu 1776. Jengo la kwanza la kanisa hilo katika Mtaa wa Nassau liliangushwa na kimbunga mwaka 1834. La pili, la matofali, lilijengwa mwaka 1856, likanunuliwa na kubomolewa katika miaka ya 1950 kwa kuwa halikuwa la enzi ya ukoloni. Mahali pake pakafanywa maegesho ya magari. Mwaka 2020 wachimbaji waliiondoa lami. Wakakuta msingi wa kanisa la kwanza na makaburi zaidi ya 60. Wazao wa waumini ndio walioamua nini kifanyike kwa mifupa ya wazee wao.

Jirani na hapo ipo nyumba ndogo ya mbao. Vipimo vya mbao zake, mwaka 2020, vilithibitisha kuwa ni Shule ya Bray, ambamo Ann Wager aliwafundisha kusoma watoto Weusi, watumwa na huru, kati ya 1760 na 1774. Waanzilishi wa shule hiyo walikusudia kuwafunza dini na utii. Lakini mtoto akishajua kusoma, hakuna bwana awezaye kumnyang'anya herufi. Februari 2023 nyumba hiyo ilibebwa nzima juu ya magurudumu hadi kona ya mitaa ya Francis na Nassau, huku wakazi wakiitazama barabarani.

Kurudisha kuta za kale ni kazi ya fedha na ustadi, na Williamsburg iliimaliza mapema. Kuwarudisha watu wote walioishi ndani yake kulichukua miaka mingi zaidi, na bado kunaendelea. Msomaji, ukijaliwa kufika huko, usiishie kwenye mtaa mkuu. Msikilize mhunzi, kanyaga udongo pamoja na watoto, kisha geuka kwenye Mtaa wa Nassau, usimame palipokuwa na maegesho ya magari. Hapo ndipo historia ya mji huo inapokamilika.