Wapanda Miti wa Lubumbashi

Kutema ni neno lililosafiri mbali. Pwani watu hutema kuni. Kusini-mashariki ya Kongo na kaskazini ya Zambia, Wabemba husema ukutema, na kutoka hapo likazaliwa jina la kilimo chao cha kale, chitemene. Wageni wengi waliokiona kwa mara ya kwanza walidhani ni uharibifu mtupu: msitu unakatwa, unachomwa, ulezi unapandwa kwenye majivu. Waliochelewa kidogo kuhukumu waligundua kwamba mti wenyewe ulikuwa haujaangushwa.

Mmoja wa waliochelewa kuhukumu alikuwa Audrey Richards, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi kati ya Wabemba mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake kuhusu ardhi, kazi na chakula chao mwaka 1939. Aliandika juu ya wanaume waliopanda hadi kileleni, shoka mkononi, wakakata matawi yote na kuliacha shina limesimama. Vijana walishindana kwa urefu wa mti na kwa wepesi wa kupanda. Kukata matawi ndiyo kazi iliyomtambulisha mwanamume. Lakini hawakuingia msituni kiholela. Kazi ya msimu ilifunguliwa kwa maombi kwa mizimu ya wahenga, maana kila mtu alijua kuna waliopanda na wasirudi kwa miguu yao.

Jirani zao Walala walikuwa na namna nyingine: walikata shina kwenye kimo cha kifua, wakiwa wamesimama ardhini. Hatari ya kuanguka ilipungua, lakini namna zote mbili zilitegemea jambo moja ambalo miti ya miombo hulifanya vizuri, nalo ni kuchipua. Kisiki kilichoachwa kikiwa na mizizi hai hutoa machipukizi mapya mvua zinaponyesha, na baada ya miaka mingi ya kupumzika msitu hurudi. Ukataji ulikuwa na kipimo chake, na kipimo hicho kiliuhifadhi mti kwa ajili ya mjukuu.

Msitu huu ndio uliozunguka mahali ambapo Lubumbashi ingejengwa. Ni msitu wa muputu na mutondo, wa masuku yanayouzwa sokoni hadi leo, na wa vichuguu vikubwa vinavyoweza kufikia urefu wa nyumba. Kabla ya Wazungu, kuni zake zilikwisha kutumika kwa mukuba, yaani shaba. Mafundi wa Katanga waliyeyusha malakiti kwenye tanuri ndogo za udongo kwa makala, yaani makaa ya kuni, wakapata shaba iliyofuliwa kuwa waya na kumiminwa kuwa misalaba, ambayo ilisafiri mbali kama fedha. Askofu Jean-Félix de Hemptinne alieleza kazi hiyo katika maandishi yake ya mwaka 1926 juu ya "wala shaba" wa Katanga. Hakuna mukuba bila makala, na hakuna makala bila mtu anayetema.

Kisha ukaja mwaka 1910. Mji wa Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, uliopewa jina la malkia wa Ubelgiji, ulipangwa kwa mistari iliyonyooka chini ya mtawala wa kikoloni Émile Wangermée, na tarehe 27 Septemba mwaka huo reli kutoka Rhodesia ilifika. Tarehe 30 Juni 1911 tanuri la kampuni ya madini ya Union Minière lilitoa shaba yake ya kwanza. Makaa ya mawe na koki vilisafirishwa kutoka Wankie, huko Rhodesia, lakini jiko la mfanyakazi halikupata koki. Lilitumia kuni na makala, na mji ulipokua, shoka lililotumika kijijini kwa shamba la ulezi likageuka kuwa chombo cha kulisha mji mzima.

Mabadiliko hayo yalikata uzi muhimu. Aliyekata mti wa chitemene alikuwa analima shamba la jamaa yake, chini ya macho ya wazee, baada ya maombi, kwa msimu unaojulikana. Mkataji wa makala hukata ili auze gunia. Analipwa kwa wingi, si kwa namna alivyokata, na msimu wake hauna mwisho. Kisiki kinachopaswa kupumzika miaka mingi hukatwa tena kabla muda huo haujatimia. Matokeo yake yalipimwa mapema: mwaka 1985 mtaalamu wa mimea François Malaisse, ambaye alikuwa amechunguza miombo ya Luiswishi, karibu na Lubumbashi, kwa miaka mingi, pamoja na mwenzake Binzangi, alichapisha utafiti juu ya kuni kama chanzo cha nishati katika Shaba ya Juu, kama sehemu hiyo ya Katanga ilivyoitwa wakati huo. Miaka mingi baadaye Chuo Kikuu cha Lubumbashi na washirika wake wa Ubelgiji waliurudia mjadala huo katika mradi wao juu ya makala ya Lubumbashi. Hadi leo, kila asubuhi, baiskeli zilizosheheni magunia huingia mjini.

Mji huo huo uliokula miti uliipanda pia. Kwenye njia za mji wa Wazungu ilisimama jakaranda, mti wa Amerika ya Kusini ambao Septemba na Oktoba, majani yakiwa machache, hugeuza barabara kuwa zulia la zambarau. Kati ya mji huo na makao ya Waafrika uliachwa ukanda mtupu usiojengwa, kwa kisingizio cha afya. Kivuli kilipangwa kama nyumba zilivyopangwa: njia za wenye mamlaka zilikuwa na mistari ya miti, huku mtaa wa Waafrika wa Kamalondo na mingine iliyofuata ikijipandia maembe na maparachichi uani. Watu waliochimba mashimo, waliomwagilia miche wakati wa kiangazi na kupanda juu kupogoa walikuwa vibarua Waafrika. Majina ya wakuu waliobuni njia hizo yamehifadhiwa. Ya vibarua hao hayakuandikwa.

Mwaka 1930 bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira likaanza kutoa umeme, na nyaya zikaongezeka hewani juu ya mistari ile ile ya miti. Tangu hapo mpogoaji wa Lubumbashi amekuwa na adui wawili: kimo na umeme. Mti mbichi una maji ndani yake. Tawi linalogusa waya, au linaloangukia waya wakati mtu analishika, linaweza kumpitishia umeme bila yeye kuugusa waya wenyewe. Kwa sababu hiyo kanuni ya kazi hii, popote inapofanywa ipasavyo, ni kwamba hakuna anayegusa mti ulio karibu na waya mpaka kampuni ya umeme ikate mkondo.

Kanuni kama hizo ziliandikwa duniani kwa gharama ya damu. Msumeno wa petroli wa kushika mkononi ulianza kuuzwa na fundi Mjerumani Andreas Stihl mwaka 1929, na miaka iliyofuata uliongeza kasi ya kazi na ya ajali pamoja. Huko Rochester, New York, mama mmoja aliyefiwa na mwanawe katika kazi ya kupogoa hakukubali jibu kwamba ni bahati mbaya. Aliandika barua baada ya barua kwa viongozi wa mji, wa jimbo na wa taifa, akidai kazi hiyo iwekewe viwango. Mwaka 1972 Marekani ikatoa kiwango chake cha kwanza cha usalama kwa kazi ya miti. Shirika la Kazi Duniani nalo lilichapisha mwongozo wa usalama na afya katika kazi za misitu mwaka 1998: kofia ngumu, mavazi ya kuzuia msumeno, mafunzo kabla ya kushika chombo, kutofanya kazi peke yako msituni, na kutosogea karibu na mti unaoangushwa isipokuwa wewe ndiye unayeuangusha.

Wakati huo huo elimu ya mti wenyewe ilikuwa ikibadilika. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani aliyefariki mwaka 2006, alipasua maelfu ya magogo kwa msumeno ili aone mti unavyojikinga ukijeruhiwa. Alionyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi ya mtu. Hujenga ukuta ndani ya mbao na kukizingira, kisha hukua juu yake. Ukuta huo unategemea sana uvimbe mdogo pale tawi linapotoka kwenye shina, ambao mafundi wanaweza kuuita ukosi wa tawi. Ukikata nje kidogo ya ukosi, mti hujifunga. Ukiukata ukosi wenyewe, unaufungulia uozo mlango.

Hapa ndipo usalama wa mtu na uhai wa mti vinapokutana, na Lubumbashi inaweza kuyaona haya kwenye njia zake yenyewe. Tawi zito likikatwa kwa pigo moja kutoka juu, huvunjika kabla halijakatika, huchana gome hadi kwenye shina na linaweza kumpiga aliyekata. Fundi aliyefunzwa hukata mara tatu: kwanza kutoka chini, umbali mdogo kutoka shina, sehemu tu ya unene wa tawi, pili kutoka juu, mbele kidogo ya hapo, mpaka tawi lianguke bila kuchana, tatu kisiki kilichobaki, nje ya ukosi. Jeraha huwa dogo, na aliye juu hasukumwi.

Desturi ya kukata kichwa cha mti mzima ili usiguse waya huzaa kinyume cha kinachotafutwa. Mti uliokatwa kichwa hutoa machipukizi mengi marefu, yaliyoshikilia juu juu tu kwenye mbao za nje, huku katikati ya shina kukianza kuoza. Baada ya miaka michache machipukizi hayo yamekuwa mazito, na dhoruba za Novemba zinapofungua mvua huanguka juu ya paa, waya na mpita njia. Kwa hiyo mti uliopogolewa vibaya leo humrudisha mpogoaji juu yake mapema, katika hali ya hatari zaidi.

Baada ya uhuru, mji uliopewa jina la Lubumbashi mwaka 1966 ulirithi miti hii bila kurithi vikosi vya kuitunza. Gécamines, iliyochukua nafasi ya Union Minière, ilishika mhimili wa maisha ya mji mpaka ilipoanza kuporomoka miaka ya 1990, na huduma za manispaa zikadhoofika pamoja nayo. Kupogoa kukaingia mikononi mwa vibarua wa siku moja. Mwenye kiwanja humwita kijana mwenye shoka na kamba, wakakubaliana bei, na kijana akapanda. Hana mkanda wala kofia, na mara nyingi hana mtu wa chini wa kuzuia watoto wasipite.

Sheria haijanyamaza. Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama na afya ya anaowaajiri, na mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ambao leo ni CNSS, unashughulikia ajali za kazini. Lakini kibarua wa siku hajaandikishwa popote. Akianguka, gharama ya hospitali inabebwa na ndugu zake, na mti uliobaki nusu humngoja kijana mwingine.

Kinachohitajika hakizidi uwezo wa komini moja: mkanda wa kupandia na kamba mbili, kofia ngumu, mtu wa chini ambaye kazi yake ni kuangalia tu na kupiga kelele, makubaliano na SNEL, kampuni ya umeme, ya kukata mkondo kabla ya kupogoa karibu na nyaya, na kibarua aliyeandikishwa kwa jina. Mafunzo yanaweza kutoka kwa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambacho watafiti wake wamekwisha kuhesabu na kuchora maeneo ya kijani ya mji huu. Msimu mzuri ni kiangazi, kabla ya mvua, ndio msimu ule ule ambao Wabemba walikuwa wakianza kutema. Wao walikusanyika kwanza, wakataja jambo walilolihofia kwa sauti, wakaomba wakataji walindwe. Ndipo kijana wa kwanza akaweka mguu kwenye shina.