Binti wa Ihithe na Hesabu ya Miche Iliyoshika

Ndugu zetu wa Tetu, mlio nyumbani na mlio mbali,

Profesa Wangari Muta Maathai dunia inamjua kwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004. Sisi, watu wa kwao, tunapenda kuanzia chini zaidi, kwenye udongo.

Alizaliwa Ihithe tarehe 1 Aprili 1940. Alipotumwa kuni, mama yake alimkataza kuokota za mugumo uliokuwa karibu na nyumbani, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Karibu na mugumo huo kilichimbuka kijito, na kando yake ziliota nduma. Wangari alicheza chini ya majani yake, akijaribu kuyaokota mayai ya vyura yakimponyoka vidoleni. Hilo ndilo lililokuwa darasa lake la kwanza la sayansi.

Masomo yalimpeleka Marekani mwaka 1960. Alipata shahada ya biolojia huko Kansas mwaka 1964, na ya uzamili Pittsburgh mwaka 1966. Mwaka 1971 alihitimu uzamivu Nairobi, mwanamke wa kwanza kufika hapo katika Afrika Mashariki na Kati. Akafundisha anatomia ya mifugo chuoni, hata akawa mkuu wa idara.

Wakati huo alikuwa akichunguza kupe wanaoeneza ndigana kali. Alipotoka kwenda kuwakusanya mashambani, aliona ng'ombe waliokonda kwa kukosa malisho na mito iliyojaa tope la mashamba. Akatambua kwamba adui mkubwa wa mifugo si kupe peke yake, bali ni ardhi inayokufa. Alipokuja nyumbani akakuta mugumo umekatwa ili kupisha chai, na kijito kimekauka.

Hapo hatuna mgeni wa kumlaumu. Chai ndiyo iliyowalipia karo wengi wetu. Lakini mizizi ya mugumo ilishikilia udongo na kuyafungulia maji njia ya kupanda juu. Mama yake alilijua hilo kwa lugha ya heshima; binti akalieleza kwa lugha ya sayansi.

Katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya alisikia kina mama wakilalamika kwamba hakuna kuni wala maji safi, na kwamba watoto wanalishwa vyakula vinavyoiva upesi, visivyo na nguvu, ili kuni zisiishe. Jibu lake lilikuwa fupi: tupande miti.

Jaribio la kwanza lilishindwa. Miche ya kitalu chake cha Karura ilikauka karibu yote kwa kukosa maji. Hakukata tamaa. Tarehe 5 Juni 1977 ilipandwa miti saba Kamukunji, Nairobi, na hapo ndipo ulipoanza mwendo wa Green Belt Movement.

Wataalamu wa misitu walipoitwa kuwafundisha kina mama, maelezo yao yalikuwa marefu na magumu. Kina mama wakarudia ujuzi wao wenyewe: wakaangalia miti inapochanua, wakakusanya mbegu, wakaotesha kwenye vyungu vilivyovunjika, mahali pa juu ambapo kuku na mbuzi hawafiki. Profesa hakuona aibu kuwa mwanafunzi wao. Baadaye mafunzo yaligusa pia shamba la chakula: nduma, viazi vikuu na mazao mengine ya asili yaliyokuwa yakisahaulika.

Mama alilipwa senti chache kwa kila mche, lakini baada ya mche kushika. Kuchimba shimo hakukulipwa. Kwa hesabu hiyo, mamilioni ya miti yalisimama.

Profesa alituaga tarehe 25 Septemba 2011. Jeneza lake halikukatiwa mti. Lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji. Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi yenye jina lake, inayofundisha amani na mazingira.

Sasa tujiulize sisi. Ni miche mingapi tumepanda mbele ya kamera, kisha mbuzi wakaila kabla ya mvua iliyofuata? Harambee ya mwaka huu ni ya vitalu vya miti ya asili shuleni, na ya kuotesha upya kingo za vijito vinavyoteremka kuelekea mto Gura. Tumekubaliana kuifuata hesabu ya binti wa Ihithe: fedha zitatoka kwa awamu, na awamu ya pili itasubiri miche ihesabiwe ikiwa hai.

Kwa hiyo tunawaomba mchango wa shilingi, na mlio karibu tunawaomba pia mchango wa debe la maji wakati wa kiangazi. Wajukuu wetu nao wapate kijito cha kuchezea.